Karakana ya kuchonga vyuma Mtwara na Lindi: lini ukope, lini uajiri, lini utulie

Karakana nyingi za kuchonga vyuma huku kusini huanza kwa namna moja: lethi (mashine ya kukereza vyuma) ya mtumba, mashine ya kuchomelea, drili ya mezani, fundi mmoja aliyewahi kushika kazi kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au kiwandani, na kijana wa kumsaidia. Hapo mambo huenda. Shida huja baadaye kidogo, kazi zikianza kuonekana nyingi, afisa mikopo anapita kusalimia, na mwenye karakana anaamini kwamba kinachomkwamisha ni kutokuwa na mashine ya pili.

Mwongozo huu ni kwa mwenye karakana aliyefika hapo, awe Masasi, Nachingwea, Lindi mjini, Mikindani au Mtwara yenyewe. Msimamo wangu nausema mapema: huku kwetu karakana haiuawi sana na ukosefu wa kazi. Inauawa na rejesho linaloangukia mwezi ambao hela haipo mjini.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wako kwa macho ya serikali na benki

Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inapanga hivi: wafanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni biashara ndogo sana, wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji wa zaidi ya milioni 5 hadi milioni 200 ni ndogo, 50 hadi 99 na hadi milioni 800 ni ya kati, juu ya hapo ni kubwa. Biashara ikiangukia makundi mawili, mtaji ndio unaoamua. Lethi moja ya maana inavuka milioni 5 peke yake, kwa hiyo karakana yako ya watu wawili tayari ni "biashara ndogo". Ukienda benki ukajieleza kama mjasiriamali mdogo sana, utapangiwa mikopo ya wauza genge, yenye riba na muda wa wauza genge.

Usione haya kubaki mdogo. Hata Marekani, sehemu kubwa ya karakana za aina hii zina wafanyakazi wasiofika 20. Ni kazi inayokaa vizuri mikononi mwa watu wachache wanaojua wanachofanya.

Kama bado hujasajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, huna TIN wala leseni ya halmashauri, fanya hayo kabla ya kusoma hatua nyingine. Hakuna mkopo wa mashine wenye akili unaotolewa bila karatasi hizo. VAT isikusumbue kwa sasa. Tangu Julai 2023 usajili wa lazima unaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka.

Hatua ya 2: Fungua daftari la saa

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Nunua kaunta buku. Kila kazi ikianza, andika saa. Ikiisha, andika saa. Pembeni andika mashine iliyotumika na kama mteja amelipa. Kazi uliyoikataa nayo iandike, pamoja na sababu: hatuna milingi (mashine ya kukata meno ya gia na mifereji), chuma hakuna, kipenyo kikubwa kuliko lethi, fundi amebanwa. Fanya hivyo kwa miezi mitatu bila kuruka siku. Ukiweza, miezi hiyo iangukie nusu kwenye msimu na nusu nje yake.

Sasa piga hesabu ya saa moja ya lethi. Tuchukue karakana ya mfano, namba ubadilishe ziwe zako:

- fundi 500,000 kwa mwezi, msaidizi 250,000
- pango 200,000, umeme 150,000
- visu na mafuta 120,000, matengenezo 80,000
- leseni, kodi na simu, ukigawa kwa mwezi, 100,000
- uchakavu: lethi ya milioni 18 itakayofanya kazi miaka 8 ni 187,500 kwa mwezi

Jumla ni 1,587,500. Siku 26 za saa nane zinatoa saa 208, lakini usigawe kwa 208. Gawa kwa saa zilizolipwa. Daftari likionyesha saa 90, kila saa inakugharimu kama 17,640. Zikipanda hadi 140, gharama inashuka hadi 11,340. Zikishuka hadi 60, inaruka hadi 26,460.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini jirani anachonga kwa elfu kumi kwa saa. Ama mashine yake haipumziki, ama hajaweka uchakavu kwenye hesabu na anaila mashine yake taratibu. Ukishuka kumfuata bila kujua ni yupi kati ya hao wawili, umeingia vita vya mwenzio.

Wengi hushtuka wakiona saa zilizolipwa hazifiki nusu ya saa za mwezi. Karakana imejaa watu na kelele tangu asubuhi, lakini nusu ya siku imepotea kwa kwenda kutafuta chuma, kusubiri umeme, na kurudia kazi iliyochongwa kwa kipimo cha kuambiwa mdomoni. Mfano wa hilo la mwisho: mteja anataka shafti ya kukaa kwenye beringi namba 6208. Tundu la beringi hiyo ni milimita 40. Shafti inayozunguka humo inatakiwa izidi kidogo, kati ya 40.002 na 40.018, ili beringi iume. Ukichonga 39.95 kwa sababu ndivyo shafti kuukuu ilivyopima, umeiga uchakavu. Beringi itazungukia juu ya shafti, na mteja atarudi baada ya wiki mbili akiwa na maneno. Maikromita nzuri, kifaa cha kupima hadi sehemu za milimita, ni ukuaji wa karakana wa bei nafuu kuliko mkopo wowote, na haihitaji dhamana.

Hatua ya 3: Chora kalenda ya hela ya mji

Chukua karatasi, andika miezi 12, kisha chini ya kila mwezi andika nani ana hela na nani ana kazi. Si lazima wawe mtu mmoja.

Minada ya korosho hufunguka Oktoba, na hela huzunguka Mtwara, Masasi, Tandahimba na Newala hadi kwenye Januari. Wakati huo mwenye mashine ya kusaga, mwenye fuso na mwenye nyumba ya kulala wageni wote wanalipa. Viwanda vya kubangua hupenda kufanyiwa matengenezo kabla korosho mpya haijaingia, kwa hiyo kazi yao inawahi kuliko hela ya mji. Mvua za Desemba hadi Aprili huleta magari yaliyoumia barabarani. Kuanzia Mei au Juni wakulima wanaanza kupulizia salfa, na mabomba ya kupulizia yanakuja na vifaa vidogo vilivyokwisha. Kazi ni nyingi, lakini mkulima wakati huo anaishi kwa kukopa. Lindi wana afueni ya ufuta, ambao minada yake huanguka katikati ya mwaka. Upepo wa kusi ukishika, vyombo vingi hupandishwa juu, na hapo ndipo wenye boti wanaleta shafti na bushi zao.

Ukimaliza kuchora utaona miezi ya Februari hadi Mei ni mikavu kwa karakana nyingi za Mtwara. Iwekee alama nyekundu. Tutairudia kwenye mkopo.

Na usidhani Oktoba haikosei. Novemba 2018 serikali ilichukua ununuzi wa korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na wakulima wengi wakasubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Mji mzima uliihisi. Mwenye karakana asiye na akiba ya marejesho ya miezi mitatu hakuwa na pa kushika.

Hatua ya 4: Kabla ya mashine, hela ya chuma

Upungufu wa kwanza wa karakana inayokua huwa ni hela ya kununulia chuma cha kazi inayofuata wakati kazi iliyopita haijalipwa. Wengi huuona kama upungufu wa mashine, kwa sababu mashine inaonekana kwa macho.

Rondi ya chuma ya milimita 60 ina uzito wa kilo 22 na kidogo kwa kila mita. (Kanuni: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.00617.) Ipe bei kwa kilo, ongeza nauli kutoka Dar es Salaam, uone kiasi gani cha hela yako kinalala sakafuni kama vipande. Mtwara iko zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar, na barabara hiyo si ya kuaminiwa masika: Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata Kusini, na aliyetegemea chuma cha wiki ijayo akabaki kuangalia mashine. Weka akiba ya vipenyo vitatu au vinne vinavyotoka sana, bronzi na nailoni kidogo za bushi, basi. Ghala kubwa la chuma ni biashara nyingine.

Kianzio cha mteja kilipwe kabla chuma hakijakatwa, na kisipungue bei ya chuma chenyewe. Najua ugumu wake. Mwenye boti anakuja jioni:

"Fundi, nichongee tu kaka, nikirudi baharini nakumalizia yote."

"Sawa kaka, ufundi nitakungoja. Ila chuma nalipia dukani, hakikopeshwi. Nipe ya chuma leo, ya mkono utaniletea ukirudi."

Asiyeweza kulipa hata chuma, kazi yake utakuja kuilipa wewe.

Hatua ya 5: Mashine ya pili iamuliwe na daftari

Rudi kwenye orodha ya kazi ulizokataa. Kama nyingi ni za kukata mifereji ya kiwi (kipande kinachofunga gia kwenye shafti) na meno ya gia, unahitaji milingi. Kama ni za vipenyo vikubwa vya puli na magurudumu ya kiwandani, unahitaji lethi yenye koo pana. Kama ni "fundi amebanwa", huhitaji mashine, unahitaji fundi wa zamu ya jioni kwenye mashine uliyonayo. Zamu ya pili ndiyo upanuzi rahisi kuliko wote, na sijui kwa nini inadharauliwa hivi.

Kisha pima kama itajilipa. Tuseme rejesho la milingi ni 850,000 kwa mwezi. Unatoza 15,000 kwa saa, visu, umeme na matengenezo vinakula 4,000, inabaki 11,000. Gawa: unahitaji saa 78 za kulipwa kila mwezi ili rejesho tu litoke. Kama lazima uajiri fundi wa 450,000, zinakuwa saa 119. Daftari likionyesha umekataa saa 30 za milingi kwa mwezi, jibu ni hapana. Kazi hizo mpelekee mwenye milingi, mgawane.

Ukienda kukagua lethi ya mtumba, usikubali kuionyeshwa ikizunguka tupu. Beba kipande cha rondi na maikromita yako. Funga, kereza urefu wa milimita 300 kwa kina kidogo, kisha pima karibu na chaki (sehemu inayoshika chuma), katikati na mwisho. Vipimo vikitofautiana sana, reli zimeliwa, na mara nyingi huliwa karibu na chaki kwa sababu huko ndiko kazi hufanyika. Pitisha kidole kwenye reli kutoka chaki hadi mkiani. Ukihisi ngazi, ondoka. Sukuma spindo kwa gongo la mbao usikilize beringi. Hesabu gia zote za kukatia nyuzi zipo. Moja iliyokosekana utaichonga mwenyewe kwa mashine ambayo bado hujainunua.

Umeme nao ukaguliwe kabla ya kulipa. Mtwara na Lindi zimetumia kwa miaka mingi umeme wa gesi ya Mnazi Bay uliojitenga na gridi ya taifa, na mafundi wanakumbuka mota ngapi zimeungua. Omba fezi tatu TANESCO mapema, pima volti wakati jirani mwenye mashine ya kusaga anafanya kazi, na weka kinga ya fezi kupotea. Kinga hiyo ni bei ndogo ukilinganisha na kusuka mota.

Hatua ya 6: Chagua hela inayofanana na kazi yake

Hela ya chuma ikopwe kwa muda mfupi. Hela ya mashine ikopwe kwa miaka. Ukigeuza, ukanunua lethi kwa mkopo wa miezi sita, umejichimbia.

Milango iliyopo ni hii. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi Mtwara na Lindi. Ina mfuko wa mikopo wa NEDF, na ukiwa huko ulizia pia nafasi kwenye mitaa yake ya viwanda. Halmashauri zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024. Vijana watatu wanne waliotoka chuo cha ufundi cha VETA wakiungana kikundi wanaweza kuanzia hapo, ingawa mkopo wa kikundi kwa mashine ya mtu mmoja ni njia ya kutafutana ubaya.

Ukodishaji wa mashine wa mtindo wa kulipa hadi umiliki unaruhusiwa na sheria ya mwaka 2008, na taasisi kama EFTA hufanya hivyo: mashine inabaki mali yao hadi umalize, kwa hiyo nyumba ya mzee haiwekwi rehani. Kwa karakana yenye kazi lakini isiyo na hati, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Benki za biashara zinakuja baada ya hapo, ukiwa na hesabu za mwaka mmoja au miwili. Kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali, usiiguse, hata kwa wiki moja.

Popote utakapokwenda, uliza swali hili kwanza: riba inapigwa juu ya mkopo wote au juu ya salio? Chukua milioni 10 kwa miezi 12 na riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ikipigwa juu ya mkopo wote, unalipa 1,033,333 kila mwezi, riba jumla 2,400,000. Ikipigwa juu ya salio, unalipa kama 945,600, riba jumla karibu 1,347,000. Tangazo ni lile lile la "asilimia 2 tu". Ongeza ada ya mkopo na bima, uandike jumla utakayorudisha.

Swali la pili: rejesho linaweza kufuata msimu? Mwonyeshe afisa ile kalenda ya hatua ya 3. Omba miezi yenye alama nyekundu ulipe riba peke yake, na Oktoba hadi Januari ulipe mafungu makubwa. Benki zinazokopesha wakulima na vyama vya ushirika huku zinaujua msimu wa korosho vizuri. Ni wewe tu uliyekuwa huombi. Wakikataa kabisa, punguza mkopo hadi rejesho liweze kulipwa na mwezi wako mbaya kuliko yote katika daftari. Usipige hesabu kwa mwezi wa wastani.

Na usikope kwa ajili ya gesi ya Likong'o. Mkataba wa awali wa mradi huo wa gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika (LNG) huko Lindi ulisainiwa Juni 2022, na mjini kila mtu ana habari zake. Hela ya mradi ikija, itakuja na oda zenye tarehe na namba. Mpaka hapo, anayedai rejesho hapokei habari za redioni.

Hatua ya 7: Kuajiri

Mfanyakazi wa tatu ndiye mgumu, kwa sababu akiingia, wewe unaanza kutoka kwenye mashine kwenda kutafuta kazi na kudai madeni. Wengine hawataki hilo, nao wako sawa.

VETA Mtwara na Lindi wanatoa vijana. Wachukue kwenye mafunzo kwa vitendo kwanza, uone nani anapima kabla ya kukata. Kila mwajiriwa anahitaji mkataba, NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Sehemu ya kazi iandikishwe OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Tozo ya ujuzi, SDL, inaanzia mfanyakazi wa kumi, kwa hiyo ukiwa na tisa fikiri mara mbili kama wa kumi ataleta saa za kumlipa yeye na tozo ya wote.

Fundi mkerezaji mzuri atatafutwa na kiwanda. Mlipe mshahara pamoja na fungu kwa kila saa iliyolipwa juu ya kiwango mlichokubaliana; daftari lipo, hakuna ubishi.

Hatua ya 8: Makampuni makubwa

Kiwanda cha saruji, bandari, mitambo ya gesi ya Madimba na Songo Songo, migodi ya kinywe Ruangwa: wote wananunua kazi za aina hii, na wote wanalipa kwa ankara, mara nyingi baada ya siku 30 au 60. Jisajili NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, kwa tenda za serikali, na kwenye kanzidata ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ya wazawa wanaohudumia sekta ya gesi. Makampuni hayo yatataka mchoro wenye vipimo na ukomo wa kuzidi au kupungua, cheti cha chuma ulichotumia, na vifaa vya kupimia vilivyokaguliwa. Anza na kazi ndogo, bushi kumi za aina moja, upeleke na karatasi ya vipimo hata kama hawajaiomba.

Wakilipa huduma watakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake siku hiyo hiyo, kwa sababu kinapunguza kodi yako ya mwisho wa mwaka na mhasibu wao akihamishwa hutakipata tena. Mteja mmoja akivuka theluthi moja ya mauzo yako, usinunue mashine kwa kumtegemea yeye mpaka awe na mkataba wa maandishi unaozidi muda wa mkopo.

Oda ikiwa kubwa kuliko hela yako ya chuma, peleka LPO (hati ya oda ya mteja) benki uombe mkopo wa LPO. Nenda nayo halisi, na bei yako ya chuma kutoka kwa muuzaji, na kurasa za daftari za miezi mitatu. Kabla ya kusaini, ongeza siku 30 kwenye tarehe ya malipo iliyoandikwa kwenye LPO, ndipo uchague tarehe ya rejesho.